Makaburi Mawili ya Fundi Aminiel

Fundi Aminiel alifariki Jumanne asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya karakana, na kufikia mchana mtaa mzima wa Sakina ulikuwa uani kwake. Turubai lilishafungwa, viti vya plastiki vilishashushwa, sufuria za chai zilishabandikwa, na kamati ya mazishi ilishapata mwenyekiti, katibu, na watu wawili wa kubishana nao. Watu wa Arusha kwa misiba hawajambo. Wape harusi watachelewa, wape kikao watatuma udhuru, lakini wape msiba uone.

Na huyu hakuwa marehemu wa hivi hivi. Nani mjini hapa hajapita kwenye geti la Fundi Aminiel? Nenda Engutoto, panda Ilboru, zunguka Njiro. Ukiona geti linalokusimamisha barabarani mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda, hilo ni lake. Wachomeleaji wa siku hizi wanakata nondo, wanabandika maua ya kununua dukani, wanapaka rangi ya dhahabu, wanasema kazi imekwisha. Yeye alifua. Chuma kiliingia motoni kikatoka chekundu, kikalazwa juu ya fuawe, na nyundo ikakifuata mpaka kikawa jani la mgomba, na uti wake wa katikati, na ile michaniko ya pembeni inayoletwa na upepo. Vipande alivishikanisha kwa ribiti na pete za chuma. Umeme kwenye geti lake haukugusa kitu. Maaskofu walipita kwenye mageti hayo, wenye hoteli walipita, na hata wezi, nasikia, waliyaruka kwa heshima.

Anande ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Binti wa kwanza, arobaini na kitu, mwenye kazi ya kupima milango ya wateja, kuchora, na kugombana na wauza makaa. Siku ile alikuwa anazunguka uani na kanga kiunoni, hajui analia saa ngapi na anapokea wageni saa ngapi. Kila mtu alimjia na pole, na baada ya pole likafuata swali moja.

"Mnazika wapi?"

Swali jepesi hilo. Kwa Mchaga si swali hata kidogo, ni kuulizia njia tu, kwamba gari likate kona wapi. Mchaga anaweza kuishi mjini, kuzeeka mjini, kujenga ghorofa mjini, lakini akifa anarudishwa kihambani, kwenye shamba la migomba la babu zake. Anande alifungua mdomo kujibu, akakuta mdomoni hamna kitu. Alijua Machame. Kila mtu alijua kwamba Fundi ni wa Machame. Lakini Machame ya wapi? Kihamba kipi? Geti lipi? Mtu aliyetengenezea mji mzima mageti, la kwao mwenyewe bintiye hakuwahi kulisukuma.

Maana kila Desemba ilikuwa vilevile. Krismasi ikikaribia, Wachaga wote wanapakia magari, wanapanda mlimani, mtaa unabaki na mbwa na Waislamu. Watoto wa Fundi wanabaki kwenye ukuta wanapungia mikono magari ya wenzao. Ukimuuliza baba alisema, "Desemba ndiyo watu wanataka mageti." Mwaka mmoja jibu hilo lilitosha. Mwaka uliofuata likatosha pia. Mtoto akizoea jibu, haulizi tena, na Anande alizoea mpaka akazeeka nalo.

Aliingia chumbani alikokaa mama yake, Mama Fransiska, kwenye godoro lililolazwa sakafuni, amezungukwa na wanawake wa jumuiya. Akamwinamia.

"Mama, watu wanauliza tunazika wapi."

Mama Fransiska aligeuza uso dirishani. "Muulize mdogo wako. Si ndiye anayejua kila kitu."

Mdogo wake ni Rodrick, dereva wa watalii, mtu wa kelele na moyo mwema. Huyo Umachame wake ulikuwa hauna mfano. Kadi za michango ya Wamachame wa mjini alikuwa nazo zote. Akinywa mbege, pombe ya ndizi, anasema hii si ya kwetu, ya kwetu nzito zaidi, na hajawahi kuionja hiyo ya kwao. Alipoulizwa, hakusita.

"Machame. Baba ni Aminiel mwana wa Elimringi, na Elimringi wa Machame anafahamika. Hilo nalo la kuuliza?"

Akamtafuta rafiki, rafiki akamtafuta mjomba, na kabla ya jua kuzama Rodrick alikuwa anaongea kwa simu na Mzee Hans, mkubwa wa ukoo wa Elimringi. Alimwambia mtoto wa kwa Elimringi amefariki Arusha. Mzee Hans alisikitika sana, akasema mleteni, tutamwandalia mahali. Hakuuliza zaidi, na wala usimlaumu. Aliyefiwa hahojiwi kwenye simu. Asubuhi ya Jumatano vijana wa ukoo walichukua sululu na makoleo, wakachimba kaburi.

Mchana Anande na Rodrick wakashuka barabara ya Moshi, wakakata kona kwenye njia panda, wakapanda katikati ya migomba na mikahawa mpaka kwa Mzee Hans. Rodrick alikuwa na huzuni, lakini alikuwa pia na furaha iliyojificha, hakuweza kuizuia. Kila mgomba aliutazama kama jamaa. Anande yeye alisubiri moyo umwambie kwamba hapa ndipo kwetu. Moyo haukusema neno.

Mzee Hans aliwakaribisha, akawaketisha, akawatazama nyuso. Akawatazama tena.

"Nyie ni wa nyumba ipi ya marehemu mzee wetu?" akauliza. "Maana Elimringi alizaa mabinti watupu. Wote nawajua, wote wameolewa, na mmoja yuko hapo nyuma anawapikia."

Rodrick akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosea mlango. "Mzee, sisi ni wa Aminiel. Aminiel Elimringi. Fundi."

Mzee Hans akapiga paja lake polepole. "Fundi Aminiel. Aaa. Yule wa nyundo." Akawaeleza kwamba Elimringi alikuwa fundi wa vyuma kwenye karakana ya misheni huko Arusha, na siku moja alikuja likizo na kijana mwembamba asiyejua Kichaga hata neno la salamu. Alikuwa amemwokota mlangoni mwa karakana, akamfundisha kazi, akampeleka kubatizwa, akampa na jina lake. Alipokufa Elimringi, kijana huyo alikuja na msalaba wa chuma begani, akausimamisha, akaondoka bila kula. "Tulimpenda. Lakini wa kwetu wa damu, hapana. Alikotoka hakupasema, na Elimringi hakutaka aulizwe."

Anande alimtazama Rodrick, Rodrick alikuwa anatazama migomba, na migomba ilikuwa haimtambui tena.

"Sasa mzee," Anande aliuliza, "hili kaburi?"

"Hilo ndilo neno." Mzee Hans alijikuna kidevu. "Kaburi limeshafunguliwa. Kwetu kaburi likifunguliwa haliachwi tupu, litaita mtu mwingine wa boma hili. Mleteni baba yenu, alale. Elimringi hatamkataa, na mimi sitamkataa. Kama hamumleti, niambieni mapema, nijue la kufanya."

Walirudi Arusha. Walipofika Usa, karibu na mji, Rodrick alisema, "Amesema tumlete. Basi tumlete. Hakuna haja ya kumwambia mtu mengine." Anande alikuwa anajaribu kumkumbuka baba yake akisema neno lolote kwa Kichaga, hata tusi la kujigonga kidole kwa nyundo. Hakulipata. Mtu ukiishi naye miaka arobaini unadhani umemjua, kumbe umezoeana naye tu. Jambo hilo lilimtia hasira, na hasira ya kumkasirikia maiti ikamtia aibu. Usiku ule hakujua alale upande gani.

Alhamisi asubuhi mzee mmoja wa Kiarusha alisimama nje ya geti la msiba. Shuka jekundu, fimbo, viatu vya matairi. Geti lilikuwa limeegeshwa, kulisukuma ni kwa kidole, lakini yeye alisimama tu, mikono nyuma, watu wanampita wanaingia. Anande akamfuata.

"Shikamoo baba. Karibu ndani, geti liko wazi."

"Marahaba mwanangu. Lisukume wewe."

Akalisukuma. Mzee akaingia akijibana, shuka lisiguse chuma. Alipofika uani akatoa kikopo kidogo kwenye shuka, akachota mafuta ya kondoo, akajipaka viganja vyote viwili taratibu, nje na ndani, mbele ya watu wote. Kisha ndipo akanyoosha mkono kumpa Anande pole. Mkono ulikuwa unateleza, unanuka zizi. Wanawake kwenye mkeka waliacha kuongea.

"Hiyo nini, baba?" Anande aliuliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Usikasirike. Naitwa Lesian, natoka Oldonyo Sambu. Kwetu mtu wa ng'ombe hashiki mkono wa mhunzi bila mafuta, wala chuma kilichotoka mkononi mwake. Mkono wa mhunzi una moto wake. Ni desturi, si dharau."

"Mimi na wahunzi wa kwenu tumekutana wapi?"

"Baba yako ni olkunoni wa kwetu," alisema Mzee Lesian. "Ni ukoo wa wahunzi. Baba yake alifua mikuki ya baba yangu."

Kiti kilianguka. Rodrick alikuwa amesimama, amekuja mbio, macho mekundu ya kutolala. "Huyu mzee kalewa saa hizi? Baba yetu amefua majani ya migomba maisha yake yote, mji mzima ni shahidi. Oldonyo Sambu kuna mgomba gani?"

"Hakuna," Mzee Lesian alikubali. "Kule kukavu."

"Basi. Umejijibu."

Mzee hakubishana. Aliketi alipoonyeshwa, fimbo katikati ya magoti, akasimulia kwa Kiswahili chake kizito. Kwamba marehemu alikuwa rika lake. Kwamba siku moja, akiwa kijana, alishika barabara hii hii inayopita Sakina kwenda Nairobi, wakati huo ni vumbi tupu, akateremka mjini na hakupanda tena. Alisema kule walijua siku zote kwamba yuko hapa. Yeye Lesian akija mjini na mbuzi wa kuuza, alipita ng'ambo ya barabara, akamwona karakanani. Fundi naye alimwona. Hawakuwahi kusalimiana.

"Kwa nini aliondoka?" Anande aliuliza.

"Angekwambia yeye."

"Na jina lake? Jina alilozaliwa nalo?"

Mzee Lesian alitikisa kichwa, na safari hii huruma ilimjaa usoni. "Kwetu mtu akishakufa hatulitaji jina lake. Ungeniuliza wiki iliyopita."

Anande alitamani kumtikisa mabega lile jina limdondoke. Alikuwa anamzika mtu ambaye hata jina lake halijui, na pale uani alikuwapo anayelijua, amekaa anakunywa chai ya maziwa.

"Nimekuja kwa neno moja," mzee akaendelea. "Pale palipokuwa na tanuru ya baba yake, hakuna aliyejenga. Hakuna aliyelima. Watu wa kwetu wameuza mpaka njia za ng'ombe, lakini pale hapaguswi, panaogopwa. Kwa hiyo mahali pake papo. Mkitaka, papo."

Wee, kamati iliwaka moto. Wanasema palipo na wazee hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa kwenye kamati ya mazishi. Mwenyekiti alisema mkataa kwao mtumwa, marehemu arudishwe kwao. Katibu akasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, marehemu mwenyewe alishapatupa, nani wa kumrudisha? Methali zetu ndivyo zilivyo, zinamtetea kila mtu, ndiyo maana hazijawahi kumaliza ugomvi. Mmoja akapendekeza makaburi ya mjini, asiwe wa huku wala wa kule, akatazamwa kwa macho yaliyomfanya asiongee tena mpaka jioni.

Rodrick alimvuta dada yake nyuma ya karakana. Hakuwa anafoka tena.

"Dada, tumpeleke Machame. Kaburi lipo, wametukubali. Kule Oldonyo Sambu mtu anajipaka mafuta ndiyo akushike. Ndiyo kwetu huko? Mimi nimejiita Mmachame tangu darasa la kwanza. Nikiacha hapo, naanzia wapi?"

Anande alimhurumia sana. Alihurumia na yeye mwenyewe. Akimpeleka baba Machame, anamzika kwa jina la kuazima, kwa watu wema ambao si wake. Akimpeleka Oldonyo Sambu, anamrudisha kwa watu aliowakimbia, wanaomwogopa mpaka leo. Upande mmoja uongo wenye upendo, upande wa pili ukweli usioshikwa mkono. Na Jumamosi ilikuwa haisubiri mtu. Kila alipoamua, dakika ileile aliamua kinyume, na kichwa kilimuuma kweli kweli.

Akaenda kwa mama yake. Safari hii aliwaomba wanawake wawapishe kidogo, akafunga mlango, akaketi kwenye godoro.

"Mama, ulijua."

Mama Fransiska hakukana. "Nilijua tangu kabla ya posa. Aliniambia mwenyewe, pale kwetu Kibosho, nyuma ya nyumba. Aliniambia watu wa kwao hawashikwi mkono. Nikamshika."

"Na hukutuambia miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema watoto wangu wasije wakapakiwa mafuta." Alinyoosha kanga magotini. "Hata hayo majani mnayogombania ni ya kwetu. Siku ya posa, Elimringi anaongea na wajomba zangu, bwana harusi kapotea. Wamtafute, wamkute mgombani, anageuza jani moja moja, analipima kwa vidole. Mjomba akasema huyu kijana mzima kweli? Kwao hakukuwa na mgomba hata mmoja. Tangu hapo akawa anaifua hiyo."

Anande alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Kwa hiyo yale majani yote, ya Engutoto na Njiro na kanisani, mji ulidhani ni mtu anakumbuka kwao, kumbe ni mtu anakumbuka ukweni.

"Sasa kwa nini ulininyamazia Jumanne? Nilikuuliza, mama. Ukageukia dirishani."

"Kwa sababu nilikuwa na langu. Mwanamke wa kwetu anazikwa kwa mumewe, Anande. Mnahangaika siku zote hizi mumweke wapi baba yenu, kamati nzima inapiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyeingia humu akakumbuka kwamba mkimweka yeye mmeniweka na mimi. Nikasema moyoni, Rodrick akisema Machame, basi iwe Machame. Nami nitalala penye migomba, penye kivuli, kama dada zangu. Nani nitakuwa nimemkosea?"

Anande alihisi amepigwa kofi. Kweli, hakuna aliyeuliza. Alimletea uji, alimletea dawa ya presha, alimletea wageni. Swali la yeye mwenyewe atalala wapi hakumletea.

"Nisamehe, mama." Akamshika goti. "Basi imekwisha. Tunampeleka Machame. Utalala penye migomba, sitaki kusikia la mtu mwingine."

"Hapana."

"Mama."

"Nimekaa kwenye godoro hili tangu Jumanne najiambia naweza. Siwezi. Nikalale na ukoo wa Elimringi nisiowajua, na mume wangu ubavuni kwangu kajificha hata kaburini? Alijificha vya kutosha." Alifuta uso kwa pembe ya kanga, akawa mkali kidogo. "Mpelekeni kwao. Na mimi siku yangu mnipeleke huko huko."

"Mama, watu wa huko hawatakushika mkono."

"Nitakuwa nimekufa, Anande. Nani atakuwa ananitafuta mkono?"

Ndivyo ilivyoamuliwa. Anande alitoka akawaambia kamati, na kwa kuwa lilikuwa neno la mjane, wabishi wote walikunja methali zao.

Ijumaa walirudi Machame, Anande na Rodrick, kumaliza deni la kaburi. Mzee Hans hakukasirika. Alikata mgomba mmoja mzima, akausafisha, wakauvingirisha shuka jeupe, vijana wanne wakaubeba mabegani kama wanavyombeba mtu, wakaushusha taratibu. Ndiyo desturi, kaburi limepewa chake, haliiti tena. Akaomba sala fupi. Rodrick akalia kilio cha kikwelikweli, kilio alichokibana tangu Jumanne, akapiga magoti, akatupa udongo kwa mikono yote miwili juu ya mgomba. Anande alisimama pembeni hajui afanye nini. Wanawake wa ukoo walimjia mmoja mmoja, pole, pole sana, naye akasema asante, asanteni, huku akijiuliza wanampa pole ya nani. Baadaye aliona kwamba naye analia. Hakuelewa analia kwa ajili ya mgomba, au baba, au huyu mdogo wake anayezika Umachame wake mbele ya watu.

Jumamosi magari ya msiba yalipanda barabara ya Nairobi. Safari fupi tu. Fundi alikaa maisha yake yote kando ya njia ya kwao, na kazi zikitokea Longido au Namanga alituma mtu mwingine akafunge. Meru ulibaki kuliani kwao, ukageuka sura, migomba ikaisha, kukaja mahindi makavu na upepo wa vumbi. Mzee Lesian aliwangoja kwenye kona.

Eneo lenyewe halikuwa kubwa. Mashamba yalikuja pande zote mpaka ukingoni, yakakoma, kama yameambiwa. Chini palikuwa na nyasi, na ukikwaruza kwa kiatu unapata takataka nyeusi za chuma. Watu wa Oldonyo Sambu walikuwa wamekuja wengi kuliko Anande alivyotegemea. Wazee walisimama mbali, na vikopo vyao. Vijana walikuja karibu, wengine na simu mkononi, hawana habari na mafuta. Walibeba jeneza, wakashika makoleo, wakafukia. Mwanamke mmoja alimshika Anande mkono kwa mafuta, mwingine bila mafuta, na yeye hakujua yupi amempa pole kubwa zaidi. Mchungaji alisoma jina Aminiel Elimringi, na upande wa wazee Anande aliona midomo ikitembea kimya, huenda kwa jina lile jingine. Aliikazia macho. Hakuambulia kitu.

Udongo ulipokwisha kurundikwa na watu wakaanza kujikung'uta nguo, Mama Fransiska alijitoa mikononi mwa wanawake waliomshika. Akazunguka kaburi upande wa kushoto, akasimama kwenye nyasi, akazikanyaga kanyaga.

"Baba Lesian," aliita. "Hapa ni pangu. Uwaambie watu wako wasije wakapalima."

"Nani atapalima, mama?" Mzee Lesian alijibu kutoka alikosimama. "Panaogopwa hapa."

"Vizuri. Waendelee kuogopa."

Kisha akakaa chini, na gauni lake la msiba na viatu vyake vya kanisani, akainyoosha miguu kuelekea kule ilikoelekea miguu ya mumewe, akajisogeza kidogo kulia, kama mtu anayejaribu kitanda kabla ya kukinunua. Wanawake walitazamana, hawakujua wamnyanyue au wamwache. Rodrick alianza kwenda, akasita. Anande alivua viatu, akaenda akakaa naye.